Lenzi Hupimwa kwa Vijiti vya Nyuma

Msimamishe mama aliyejifunga kitenge kando ya barabara ya Mlola, milimani Usambara, nyuma yake bonde likiporomoka hadi mlima wa pili, na hata lenzi ya bei ndogo itakupa ukungu mwororo wa mandhari ya nyuma. Umbali ndio umefanya kazi hiyo. Sasa msogeze hatua chache, asimame mbele ya migomba na mikaratusi, jua likipenya majanini. Hapo ndipo ufundi wa aliyeisanifu lenzi hujulikana.

Kuna hesabu moja naipenda mno. Nukta ya mwanga wa mbali sana, nje ya fokasi, huchora duara ambalo ukilipima dhidi ya uso wa unayempiga picha lina upana uleule wa tundu la lenzi. Milimita 50 kwa f/1.8 ina tundu la milimita 28 hivi. Milimita 85 kwa f/1.8, milimita 47. Basi wingi wa ukungu unanunulika kwa vioo vikubwa. Uzuri wake haununuliki hivyo.

Uzuri umo ukingoni mwa duara. Miale inayopita pembezoni mwa kioo haitaki kukutana mahali pamoja na inayopita katikati. Msanifu akiirekebisha kupita kiasi, duara la nyuma hupata ukingo mkali, kijiti kimoja kando ya sikio la mtu huwa viwili, na jicho la mtazamaji hukimbilia huko. Akiacha kasoro kidogo kwa makusudi, ukingo huyeyuka, ila vilivyo mbele ya mlengwa huchukua ukali huo. Vioo visivyo vya tufe, vikitengenezwa kwa kalibu, huweza kuacha pete ndani ya duara kama kitunguu kilichokatwa. Nawaheshimu sana waliovumilia mizani hiyo. Mwaka 1993 Nikon walitoa lenzi ya milimita 105 f/2 yenye pete maalumu ya kuamua ulaini uende nyuma au mbele.

Hata hivyo, ukungu usiwe kipimo cha kwanza. Kwenye fremu kamili, milimita 85 kwa f/1.8 kutoka mita 2 huacha kama sentimita 6 tu zilizo wazi: macho yapo, masikio yamepotea, Usambara imebaki kijani kisicho na mahali. Mkulima wa Mlola nampiga kwa f/5.6, mteremko wa shamba lake utambulike.

Ukienda kununua, mlenge mtu mbele ya miti yenye jua, kuza picha, tazama vijiti vya nyuma. Vikiwa viwili viwili, mrudishie muuzaji lenzi yake.