Mtazame Asiyesema

Kuanguka si kuchekesha. Majuzi hapa Isikizya kijana kapanda jukwaani na mto tumboni na gauni la kuazima. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena, akajicheka mwenyewe. Watu wakamtunza noti, na mshereheshaji akamtangaza mrithi wa King Majuto. Mrithi! Majuto, yaani Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki Agosti 8, 2018, alikuwa akilalamika kwa dhati, kama mtu aliyedhulumiwa kweli. Kucheka ilikuwa kazi yetu.

Anayetaka kupima kichekesho ashike haya. Mchekeshaji asicheke kabla ya watazamaji. Vazi litokane na kisa, la sivyo libaki nyumbani. Matusi ni ya aliyeishiwa. Na kichekesho kizuri hakihitaji kipaza sauti. Hilo halina mjadala.

Lakini kipimo kikubwa kinawapita wengi, kwa kuwa macho yao humfuata anayesema. Wewe mtazame asiyesema. Mwenzake anapobwata, yeye anafanya nini? Mbovu husubiri zamu yake, midomo ikicheza kwa maneno aliyoyakariri, au huchungulia watu kuona kama wanacheka. Fundi husikiliza, kana kwamba uongo ule anausikia leo. Niliwahi kumwona mzee mmoja Tabora mjini kapewa nafasi ya mgonjwa kitandani, bila neno hata moja. Kila ndugu waliposogea kugombea shamba lake, alifumbua jicho moja, akalifumba. Ukumbi ukavunjika mbavu, na waliosema sana hakuna anayewakumbuka.

Ndiyo maana mafundi walikwenda wawili wawili. Mzee Small alikuwa na Bi Chau. Redio Tanzania ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi. Hata Ujerumani, Karl Valentin wa Munich (1882–1948), bingwa wa kabareti na filamu, alisimama na Liesl Karlstadt, mwanamke aliyemtengea maneno na kuigiza wanaume bila kupepesa macho.

Walaghai nao wana mbinu. Kundi moja lilikuwa likipandikiza watu wake benchi za mbele ili waanzishe kicheko. Utawajua: hucheka kabla neno halijaisha. Siku hizi hawahitajiki, maana kicheko kinabandikwa kwenye video.

Sisi Wanyamwezi hatukupaswa kudanganywa hivyo. Utani wetu na Wazaramo ulikomaa katika njia ya misafara, kati ya Unyanyembe na Bagamoyo. Mtani anayemwiga marehemu msibani, mwendo na sauti, hacheki. Wafiwa ndio wanaocheka huku machozi yakiwatoka. Shule ile ya utani ilikuwa bure, na wahitimu wake walikuwa wengi kuliko sasa.

Basi kabla hujatoa noti yako, mtazame aliyenyamaza. Kama naye anaangalia watu, irudishe mfukoni.