Kusoma Mafuta kwa Mwanga

Katika mkoa wa Kigoma, unaopakana na wilaya za Ngara na Biharamulo upande wa kaskazini, mkamuaji wa mawese huchemsha chikichi, huzitwanga, huengua mafuta yanayoelea juu ya maji, kisha huyarudisha jikoni na kuyasikiliza, kwa kuwa mafuta yenye maji hupasukapasuka chunguni na yaliyokauka hutulia. Sikio hilo ni kipimo cha kweli, sawa na pua ya mnunuzi anayefungua dumu na kunusa kabla ya kutoa fedha. Hata hivyo, pua huchelewa, kwa sababu harufu ya mafuta yaliyochacha hutokana na molekuli ndogo zinazozaliwa baada ya oksijeni kuyashambulia mafuta kwa muda mrefu.

Fahari ya spektroskopia ya fluoresensi ni kuiwahi harufu hiyo. Fluoresensi ni mng'ao unaotolewa na kitu kilichomeza mwanga na kuurudisha mara moja, ukiwa na mawimbi marefu zaidi kuliko ule uliomezwa, kama George Gabriel Stokes alivyoeleza mwaka 1852. Spektroskopia ni ustadi wa kuutawanya mng'ao huo na kupima nguvu yake wimbi kwa wimbi. Vitamini E, ambayo ndiyo mlinzi wa asili wa mafuta dhidi ya oksijeni, ikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno ya nanometa 290 hivi, hung'aa karibu na nanometa 330, mahali ambapo jicho la binadamu halioni chochote. Mlinzi huyo anapotumika, mng'ao wake hufifia, na mazao ya uharibifu huanza kung'aa kati ya nanometa 400 na 500, kwenye eneo la buluu, kwa hiyo msomaji mzoefu huiona vita ingali inapiganwa.

Mawese, lakini, hayasomeki kirahisi, na hapa ndipo fundi hutofautiana na mbonyezaji wa vitufe. Wekundu wake hutokana na karotini, ambayo katika mawese ghafi hufikia miligramu 500 hadi 700 kwa kilo, na karotini humeza mwanga unaoingia pamoja na sehemu ya mng'ao unaotaka kutoka. Kifaa hukadiria pungufu, na asiyejua sababu huweza kuyahukumu mafuta mazuri kuwa yamepoteza vitamini. Fundi huyazimua kwa kimiminika kisichong'aa, au huupiga mwanga kwenye uso wa kichupa na kuusoma mng'ao upande uleule ulioingilia, ili usilazimike kuvuka wekundu wote. Ujanja huu mdogo unastahili sifa kuliko kifaa chenyewe, ambacho fedha hununua.

Katika kiwanda cha kusafisha, ambako mafuta hupitishwa kwenye udongo maalumu wa kuondoa rangi na baadaye hupigwa mvuke katika joto linalozidi nyuzi 200 ili kuondoa harufu, uzi wa kioo uliopachikwa bombani huweza kupeleka mwanga na kurudisha jibu kwa sekunde chache. Klorofili, rangi ya kijani inayoingia na mbegu zilizovunwa hazijakomaa na ambayo huharakisha uharibifu mafuta yanapokaa juani, hung'aa nyekundu karibu na nanometa 670. Wekundu huo ukizimika, msimamizi hujua udongo umetosha, wala haongezi mwingine utakaonyonya mafuta bure.

Asidi huru ni jambo jingine. Chikichi zilizopondeka na kulala kabla ya kuchemshwa huachia kimeng'enya kinachoyavunja mafuta kuwa asidi, na asidi hizo zenyewe hazina mng'ao wa kutegemewa. Kwa hiyo pembeni ya kifaa cha mwanga hubaki bureti, chupa ya magadi makali na rangi ya kiashiria, na fundi anayedondosha tone baada ya tone hadi upinki ubaki bila kufifia.