Udukuzi Katika Sinema

Huenda umepata kuona sinema yenye mdukuzi, yaani mtu aingiaye katika kompyuta za wenziwe bila ruhusa. Chumba chake kina giza. Vidole vyake vyakimbia mbio, maandishi ya kijani yateremka kiooni kama mvua, king'ora chalia, kisha maneno makubwa mekundu yatangaza kwamba mlango umefunguka. Kazi yote haikuchukua hata dakika moja.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alituonyesha darasani programu ya mchezo wa namna hiyo. Ukibonyeza herufi yoyote, hata umefumba macho, kioo chajaa maandishi ya kutisha. Wenzake walimpigia makofi. Nami nakiri kwamba nilitishika kidogo. Tangu siku hiyo nimejiuliza: maigizo kama hayo yapimwe kwa kipimo gani?

Wako wasemao kwamba yapimwe kwa jinsi yafananavyo na mambo yenyewe. Kipimo hicho hakitoshi. Kazi ya mdukuzi ni kusoma, kujaribu na kungoja, pengine kwa siku nyingi, wala hakuna atakayelipa kiingilio ili amtazame mtu akingoja. Msanii ana haki ya kufupisha. Tena, kufanana kwenyewe si lazima kufundishe. Katika The Matrix Reloaded ya mwaka 2003, Trinity atumia Nmap, programu ya kweli itumiwayo na mafundi wa kompyuta. Mafundi walifurahi, lakini jambo lile lapita upesi, na mtazamaji wa kawaida atoka kama alivyoingia.

Sasa tazama WarGames ya mwaka 1983. David Lightman ni mwanafunzi wa sekondari kama wewe. Aingia katika kompyuta ya shule yake kwa sababu neno la siri limeandikwa kwenye karatasi ofisini. Atakapo kuingia katika kompyuta kubwa zaidi, asiyoijua kuwa ni ya jeshi, aenda maktaba na kusoma habari za mtu aliyeitengeneza, hata apate jina la mwanawe aliyefariki, Joshua. Jina hilo ndilo neno la siri. Sinema hii haikukosa chumvi: kompyuta yake yazungumza, na ukumbi wa jeshi umejaa vioo vikubwa vya kumetameta. Lakini kiini chake ni kweli tupu: mlango haukuvunjwa, bali ufunguo uliachwa wazi. Rais Ronald Reagan wa Marekani aliitazama mwezi wa Juni mwaka ule, akawauliza wakuu wake kama jambo la namna hiyo laweza kutokea. Jibu halikumpendeza, na Septemba 1984 alitia sahihi amri ya kulinda kompyuta za serikali.

Hiki basi ndicho kipimo changu: igizo limemfundisha mtazamaji kuogopa kitu gani? Hapa kwetu mwizi hana herufi za kijani. Hupiga simu kwa sauti ya upole, akasema fedha zimetumwa kwako kwa makosa, kisha akaomba namba yako ya siri. Aliyefundishwa kungoja king'ora hatamtambua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimwomba mwanafunzi wangu abuni kioo kingine, chenye ujumbe mmoja tu wa kuomba namba ya siri. Alipokionyesha, hakuna aliyepiga makofi. Darasa lilinyamaza, kisha msichana mmoja akasema polepole kwamba mama yake alipata kuletewa ujumbe kama ule, akaujibu.

Kioo kile cha pili, msomaji, hakikuwa na pambo lolote, nami nakihesabu kuwa kazi bora kuliko kile cha kwanza.