Istilahi za Kuamsha Kompyuta Kongwe: Uhakiki wa Rasimu

Miongoni mwa kazi za dawati la istilahi ni kusoma rasimu za vitabu vya ufundi kabla hazijapigwa chapa. Hivi karibuni tulipokea rasimu ya mwongozo wa kukarabati kompyuta kongwe, iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa ufundi. Mfano wake mkuu ni IBM PC, mashine iliyotolewa Marekani mwaka 1981. Mtungaji anaifahamu mashine yake barabara, na Kiswahili chake chasomeka bila taabu. Hata hivyo hatukuweza kuipitisha rasimu hiyo, na ni haki wasomaji waelezwe sababu.

Sura tunayoihakiki yahusu kompyuta iliyokuwa nzima, ikaongezewa kadi ya diski ngumu, kisha ikashindwa kuanza kazi kutoka katika diski hiyo. Mtungaji asema tu kwamba kompyuta “haiwaki”. Matumizi hayo yana asili mtaani: twasema gari haliwaki hata kama taa zake zinang’aa. Lakini katika kompyuta kuna mambo matatu yanayofuatana. Kwanza umeme huingia. Pili mashine hujikagua. Tatu programu endeshi hupakiwa kutoka katika diski. IBM PC isipopata diski ya kuanzia huingia katika lugha ya BASIC iliyohifadhiwa ndani ya chipu zake, na kioo huonyesha maandishi kama kawaida. Je, mashine hiyo imewaka au haikuwaka? Mwanafunzi hawezi kujibu, kwa kuwa neno alilopewa halimwezeshi kujibu.

Pengine mtungaji atumia “kubuti”, akitetea kwamba mafundi wamekwisha lizoea. Mazoea yana uzito wake, lakini buti kwetu ni kiatu, na tena ni sehemu ya gari ya kuwekea mizigo. Wasemaji wa Kiingereza walilitoa neno lao katika usemi wao wa mtu ajiinuaye kwa kuvuta kanda za buti zake mwenyewe; usemi huo si wetu, wala hatuna deni la kuufasiri. Twapendekeza kuwasha kwa umeme, kujikagua kwa hatua ya pili, na kuamka kwa hatua ya tatu. Kuamka hunyambulika vizuri: amsha, amshwa, uamshaji. Hapo fundi ataweza kusema, bila kujikanganya, kwamba mashine imewaka, imejikagua, lakini haijaamka.

Kosa kubwa zaidi limo katika neno kumbukumbu. Programu ya kuanzia ya IBM PC za mwaka 1981 haikuwa na utaratibu wa kutafuta programu zilizomo ndani ya kadi. Toleo lenye tarehe 27 Oktoba 1982 ndilo lililouleta. Kwa hiyo katika mashine ya awali kadi ya diski, ijapokuwa nzima, hupuuzwa kimya kimya, bila hata namba ya kosa. Dawa ni kubadili chipu yenye programu hiyo. Mtungaji alijua hivyo, lakini aliandika: “Badilisha kumbukumbu.” Fundi mmoja tuliyemwomba aifuate rasimu neno kwa neno alizing’oa chipu za kumbukumbu ya kazi. Alipozirudisha, mguu wa mojawapo ulipinda, na mashine iliyokuwa ikifika BASIC sasa ikaonyesha 201, namba ya kosa la kumbukumbu. Fundi hakukosea, alilitii neno.

Baadhi ya wenzetu hupendelea “kumbukumbu ya kudumu” kwa chipu hiyo. Hatukubaliani nao, maana diski nayo hudumisha yaliyomo. Kumbukumbu ya kusoma tu ni ndefu, lakini haimpotezi mtu.

Hali kadhalika, rasimu yaagiza “kuongeza umeme” endapo mashine itaelemewa na diski mpya. Ni kweli kwamba kifaa cha kugawia umeme cha mashine hiyo kilikuwa cha wati 63.5 tu, ilhali cha IBM PC XT ya mwaka 1983, iliyouzwa na diski ngumu, kilikuwa cha wati 130. Lakini kinachoongezwa ni wati. Volti 5 na volti 12 hubaki vilevile. Mwanafunzi atakayeongeza volti atauunguza ubao mzima. Hapa hapana haja ya istilahi mpya, bali ya kutaja kipimo.

Kwa upande mwingine, mtungaji amejitahidi mno alipoziita swichi za ubao “vifungulio”. Swichi ni neno letu sasa, kila nyumba yenye taa yalijua. Ubao huo una mafungu mawili ya swichi nane nane, na kupitia hizo mashine hujulishwa kiasi cha kumbukumbu na aina ya kioo. Anayeongeza kumbukumbu bila kuzirekebisha ataona nyongeza yake haihesabiwi. Maelezo hayo ni mazuri. Yasifichwe nyuma ya neno geni.

Rasimu imerudishwa kwa mtungaji, pamoja na shukrani zetu. Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba ufundi. Kosa la fundi wetu lingeweza kutolewa ushahidi wa dai hilo, na ndiyo maana hatuna budi kulichunguza: maneno yalikuwapo, ila moja lilitwishwa mzigo wa matatu. Mafundi wenye maoni juu ya kuamka na kuamsha wanaombwa watuandikie.