Ufundi wa Kuitafuta Sauti

Wimbo unaonekana unacheza, sekunde zinahesabika, lakini spika ziko kimya. Wengi wetu hapo huifuta programu na kuisakinisha upya. Fundi aliyekomaa hafuti kitu. Huuliza kwanza: kompyuta nzima ni bubu, au ni programu hii tu? Anapiga mlio wa majaribio wa Windows. Ukisikika, waya, amplifaya na spika hazina hatia, na uwanja wa msako umepungua kabla hajabadilisha chochote. Naipenda sana hatua hiyo, kwa sababu haigharimu kitu wala haiharibu kitu.

VLC, kwa mfano, ina orodha yake ya vifaa vya kutolea sauti. Mtu akichomeka runinga kwa waya wa HDMI, muziki unaweza kuelekezwa huko hata kama runinga yenyewe imezimwa sauti. Kuurudisha ni kubofya mara moja tu.

Thamani ya sikio la fundi huonekana pale sauti inapotoka, ila imeharibika, kwa kuwa kila hitilafu ina mlio wake. Akisikia sauti inatatarika na kukatikakatika, anaifikiria bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ambamo programu huweka sauti mapema ili kadi ya sauti ichote bila kungoja. Prosesa ikizidiwa, kadi hukuta hakuna kitu, na pengo hilo ndilo tunalolisikia. Katika foobar2000, programu ambayo Peter Pawłowski aliitoa mwaka 2002, urefu wa bafa huonekana wazi kwa milisekunde, nawe unauongeza kidogo kidogo mpaka mtatariko ukome. Msikilizaji hapotezi kitu kwa kuchelewa nusu sekunde. Mpiga gitaa anayejirekodi studio hawezi kuvumilia hilo hata kidogo.

Sauti ikiwa nyembamba ghafla kwenye hedifoni za Bluetooth, kana kwamba mwimbaji anapiga simu, fundi haigusi programu ya muziki kabisa. Anauliza kama kuna mkutano wa video uliofunguliwa. Maikrofoni ya hedifoni ikiombwa, mara nyingi hedifoni hizo huacha mfumo wa muziki na kuingia ule wa mazungumzo, ambao hubeba sauti hafifu zaidi. Akichagua maikrofoni ya kompyuta, besi inarudi.

Kuna hitilafu moja inayonivutia kuliko zote: wimbo unakwenda mbio kidogo na mwimbaji anasikika mdogo kuliko umri wake. Chanzo chake kina historia ndefu. CD huhifadhi sampuli 44,100 kwa kila sekunde. Idadi hiyo ilitokana na wahandisi waliokuwa wakihifadhi sauti ya kidijitali kwenye kanda za video: sampuli 3 katika kila mstari wa picha, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Zidisha, utaipata 44,100 kamili. Kazi za video zenyewe zikazoea 48,000. Kwa kawaida Windows hubadilisha kiwango kimoja kuwa kingine bila sisi kujua. Lakini draiva ikikosea, sampuli za 44,100 zikachezwa kwa mwendo wa 48,000, wimbo huongeza kasi kwa karibu asilimia 9 na sauti hupanda kwa nusutoni moja na nusu hivi. Asiyeujua wimbo huo hatagundua lolote. Ndiyo maana mafundi wazuri hufanya majaribio kwa wimbo uleule miaka nenda rudi, wimbo wanaoujua kila pumzi yake, na kwangu mimi wimbo huo ni kifaa cha kazi sawa na bisibisi.

Fundi wa namna hii hubadilisha mpangilio mmoja, anasikiliza, kisha ndipo anaugusa mwingine. Thamani ya zamani ameiandika kwenye karatasi kando ya kibodi. Na sauti inapotengemaa, wakati mteja ameshafurahi na anataka kuondoka, anafanya jambo ambalo wavivu hawalifanyi: anaurudisha mpangilio wa awali kwa makusudi, ili asikie kama hitilafu itarudi. Ikirudi, amekipata chanzo. Isiporudi, anamwomba mteja akae tena, na msako unaendelea.