Sahani ya Sambaza kule Kalehe

Nyumba ile haina hata kibao. Unatoka Bukavu kwa barabara ya Goma, ukifika Kalehe unateremka kuelekea ziwa, unauliza watoto. Mama analeta bugali ya muhogo, sombe ya mawese, na sambaza zilizokaangwa mpaka zinavunjika mudomoni. Kwa sambaza sina neno. Sombe ndiyo iliniuzi: viungo vya dukani vilizidi, ladha ya majani ikapotea. Kumuuliza mama, akajibu: «Wageni wanapenda vile, papa.»

Mzee mmoja pembeni akajisifu eti sambaza ni chakula cha mababu wa Bahavu. Samahani, mzee. Sambaza walitolewa Tanganyika wakati wa Wabelgiji, kati ya 1958 na 1960. Hata muhogo, na sombe yake, asili yake ni Amerika.

Je, tuwafute katika desturi zetu? Mimi nakataa. Miaka mingi watu wa ziwa hili wanavua sambaza usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja, na yule mama anajua moto wake bila kupima. Hiyo niiandike humu bila haya. Viungo vya dukani, aviache dukani.