Chuma cha Malindi: kazi ilikuwa kwenye moto

Mwaka 1154, akiwa Palermo kwa Mfalme Roger II wa Sisilia, al-Idrisi alikamilisha kitabu chake cha jiografia ya dunia. Malindi hakuwahi kufika. Alitegemea habari za wasafiri. Hata hivyo aliandika jambo zito kuhusu mji huo: wenyeji wana machimbo ya chuma, na chuma ndiyo biashara inayowapa faida kubwa kuliko zote.

Anayeijua Malindi atauliza: machimbo yapi? Mji umekaa juu ya mawe ya matumbawe na mchanga. Malighafi iliyo karibu kuliko zote iko ufukweni. Mto Sabaki humwaga tope lake kaskazini mwa mji, na kuelekea Mambrui mchanga hubeba madini meusi mazito. Pitisha sumaku juu yake, itarudi imeota ndevu. Kwa ujazo ule ule, madini hayo ya chuma yana uzito karibu mara mbili ya mchanga mweupe, kwa hiyo wimbi huchukua mwepesi na kuacha mzito. Bahari imeshachambua kabla fundi hajainama kuchota. Na mwaka 2010, waakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walipochimba Mambrui, walikuta mabaki ya tanuri la kuyeyushia chuma pamoja na mavi ya chuma, yaani uchafu uliobaki baada ya kuyeyusha.

Lakini mchanga wa bure haumtajirishi mtu. Ugumu uko kwenye moto. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, na mhunzi mwenye tanuri la udongo na mivukuto hakuhitaji kufika huko. Alitaka kama 1,200 hivi, joto linaloyeyusha uchafu ukatiririka, huku chuma chenyewe kikibaki donge. Mkaa ulimfanyia kazi mbili: ulileta joto, na ulitoa gesi ya kaboni monoksidi inayoyanyang’anya madini oksijeni yake. Mvukuto ukilegea, uchafu huganda ndani ya chuma. Moto ukizidi na mkaa ukawa mwingi, chuma hunyonya kaboni kupita kiasi na kuvunjika chini ya nyundo. Tena mchanga laini huziba njia za hewa, hivyo hauna budi kumwagwa kidogo kidogo.

Matokeo ya kazi hiyo yanasomeka kwenye mavi ya chuma. Kipande cheusi, kizito, chenye mikunjo juu, kilitiririka vizuri. Kilichojaa vinyweleo na punje za mchanga zisizoyeyuka kinaonyesha tanuri lilipoa mapema.

Donge likitoka hufuliwa lingali la moto, tena na tena, mpaka uchafu uliobaki uruke. Hapo huanza utaalamu wa pili, yaani kulainisha na kukaza. Metali ikigongwa imepoa hukakamaa; chembe zake hupindana, na ukiendelea kugonga itapasuka. Dawa yake ni kuirudisha motoni ili chembe zijipange upya. Fundi wa shaba anajua hivyo kwenye sinia.

Tofauti ya shaba na chuma iko kwenye kupoza. Shaba iliyolainishwa ukiitosa majini haibadiliki, hubaki laini. Chuma chenye kaboni ya kutosha ukikitosa kikiwa chekundu hugeuka kigumu mno. Ukikitaka laini, kifukie kwenye majivu kipoe taratibu. Panga zuri linataka yote mawili, makali magumu na mgongo usiovunjika. Kwa hiyo baada ya kutiwa maji hupashwa tena kidogo, na fundi husoma rangi kwenye sehemu aliyoisugua: manjano hafifu kwenye nyuzi 220 hivi, samawati karibu na 300. Jicho ndilo kipimajoto chake, na ndiyo maana hufanya kazi kivulini. Jua la pwani huufuta wekundu wa chuma.

Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake walipochapisha mwaka 1994 uchunguzi wao wa vyuma kutoka magofu ya pwani ya Kenya, walionyesha kwamba humo mna vya kienyeji na vya kuletwa. Vyuma vya asili tofauti huweza kuwa na kaboni tofauti, na kaboni ikitofautiana, moto na maji navyo havina budi kutofautiana. Mhunzi anayeshughulikia vyote viwili hafanyi kazi kwa mazoea. Anapima kila kipande.

Kwa hiyo anayetafuta shimo kubwa la machimbo ili aamini maneno ya al-Idrisi anatafuta pasipo. Ushahidi wa utajiri ule uko kwenye mkaa, mabomba ya udongo ya mivukuto na malundo ya mavi, vitu ambavyo mjenzi huvitupa anapochimba msingi. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inamtaka anayegundua vitu vya kale atoe taarifa. Ukikuta jiwe jeusi, zito, lenye mikunjo, liache mahali pake, kisha waite watu wa makumbusho.